Programu ya Windows kwenye Linux: Wine, mashine pepe au mifumo miwili?

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga msaada wa kawaida kwa Windows 10. Windows 11 nayo inadai prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au ya karibuni zaidi, TPM 2.0 (chipu ya usalama), RAM isiyopungua GB 4 na diski isiyopungua GB 64. Sasa pita maduka ya Kariakoo au ya Luthuli Avenue uangalie laptopu za mtumba: nyingi ni akina ThinkPad, EliteBook na Latitude za kizazi cha 4 hadi cha 7. Ni mashine nzima. Kibodi zake ni imara, zinapokea SSD na RAM ya kuongeza, na Linux, mfumo endeshi wa bure wenye matoleo kama Mint na Ubuntu, inakimbia juu yake bila taabu. Kinachomzuia mwenye mashine asihame huwa ni programu moja au mbili tu: ile ya uhasibu wa duka, ile ya michoro, ile iliyokuja na kifaa cha kupimia, au mchezo wa kijana wa nyumbani.

Kwa programu hizo kuna njia tatu kuu: Wine (inayoendesha programu za Windows ndani ya Linux), mashine pepe (kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako), na kuweka Windows na Linux pamoja kwenye kompyuta moja. Mafundi wengi hupendekeza ile waliyoizoea. Mimi nashikilia kwamba swali la kwanza liwe juu ya programu yenyewe na kifaa inachozungumza nacho. RAM ni swali la pili. Ukishayajibu hayo mawili, njia hujichagua karibu yenyewe.

Kwanza punguza mzigo

Andika majina ya programu unazofungua kwa wiki nzima. Chrome, Firefox, VLC, Zoom, Telegram na AnyDesk zote zina matoleo yake ya Linux, kwa hiyo zifute kwenye orodha. Mifumo ya kodi na ya benki hufunguka kwenye kivinjari. Barua, ankara na bajeti za kawaida LibreOffice, kifurushi cha ofisi cha bure, inazimudu, ila sakinisha fonti za Carlito na Caladea. Herufi zake zina upana uleule wa Calibri na Cambria, hivyo barua uliyoandikiwa kwa Word haitasukumwa mistari hadi ukurasa wa pili.

Excel yenye makro, yaani amri zilizoandikwa zijiendeshe zenyewe, ni habari nyingine. LibreOffice huendesha baadhi ya makro za VBA (lugha ya makro ya Microsoft) na nyingine huzivunja, wakati mwingine bila kukuonya. Kama mshahara wako unategemea faili za namna hiyo, ihesabu Excel kuwa miongoni mwa programu za kuhamisha. Mwanafunzi wa takwimu ajaribu PSPP, ambayo hufungua faili za .sav na kutosha kwa uchambuzi wa msingi. Lakini msimamizi akitaka matokeo ya SPSS yenyewe, usipoteze muda kubishana naye.

Wine

Mradi huu ulianza 1993, na tangu 1994 unaongozwa na Alexandre Julliard. Toleo la 1.0 lilitoka Juni 2008, yaani baada ya miaka 15 ya kazi. Muda huo unaonyesha ukubwa wa jambo lenyewe.

Prosesa ya Intel haijali kama maelekezo yametoka kwenye programu ya Windows au ya Linux. Kwake ni yaleyale. Tofauti iko kwenye maombi. Programu ya Windows ikitaka kufungua faili, kuchora dirisha au kutoa sauti, hupeleka ombi kupitia maktaba kama kernel32.dll na user32.dll. Wine imeziandika upya maktaba hizo, na kila ombi hulifikisha kwa Linux katika namna Linux inavyoelewa, kama mkalimani aliyeketi kati ya wafanyabiashara wawili. Hakuna Windows ndani yake, kwa hiyo hakuna leseni ya Windows ya kununua wala RAM inayotengwa pembeni. Kwa mashine ya GB 4 hii ndiyo njia ninayoipendekeza, na kwa mashine hiyo sina ya pili.

Inafaa zaidi kwa programu ndogo na za zamani zinazojitegemea: kamusi, vikokotoo vya kihandisi, programu za kupangia redio au kusomea mizani, mifumo midogo ya mauzo iliyoandikwa miaka ya 2000. Kwa baadhi ya hizo Wine huishinda hata Windows yenyewe. Windows ya biti 64 haiendeshi tena programu za biti 16 za enzi za Windows 3.1, ilhali Wine kwenye Linux ya biti 64 inaweza. Kuna ofisi bado zina kumbukumbu za miaka ndani ya programu za aina hiyo.

Inapokwama ni kwenye programu kubwa zilizoungwa na mambo mengi ya Microsoft: mfumo wa uhasibu unaotaka SQL Server (hifadhidata ya Microsoft), toleo fulani la .NET (maktaba za kuendeshea programu) na vipande vya Internet Explorer kwa pamoja. Mara nyingi hata kisakinishi hakimalizi. Office 2010 hufanya kazi vizuri. Matoleo ya karibuni ni mapambano. Photoshop ya zamani inakubali, ya sasa ni bahati. AutoCAD mpya usiitarajie kabisa.

Usibahatishe. Ingia kwenye AppDB ya Wine utafute programu yako. Watu huipa daraja, kuanzia Platinum kwa inayofanya kazi bila kuguswa hadi Garbage kwa isiyofunguka. Soma daraja pamoja na tarehe, toleo la programu na toleo la Wine. Sifa ya mwaka 2011 kwa toleo jingine la programu haikusaidii leo.

Sasa ushauri ambao ningependa kila anayeanza aupate mapema: ipe kila programu nyumba yake. Wine huweka kila kitu ndani ya folda iliyofichwa iitwayo .wine, yenye drive_c na faili za rejista (mahali pa mipangilio ya Windows). Ukirundika programu tano humo, fonti au maktaba uliyoongeza kwa ajili ya moja itaivuruga nyingine. Fanya hivi kwenye teminali, dirisha la kuandikia amri:

WINEPREFIX=~/.wine-duka wine setup.exe

Folda mpya itaundwa kwa ajili ya programu hiyo pekee. Ikiharibika, unaifuta na kuanza upya bila kugusa nyingine. Ikikubali, unainakili nzima kama akiba. Asiyependa teminali atumie Bottles, inayofanya jambo lilelile kwa kubofya. Maktaba za ziada, kama zile za Visual C++ au za .NET, huongezwa kwa winetricks. Na kwenye Debian au Ubuntu, kama programu yako ni ya biti 32, washa kwanza usanifu huo kwa sudo dpkg --add-architecture i386 kisha sakinisha Wine. Wengi hukatia tamaa hapa: programu inazimika kimya, nao hudhani Wine imeshindwa.

Vifaa ndivyo huamua kesi nyingi. Printa ya kawaida haina shida, kwa sababu Wine huituma kazi kupitia CUPS, mfumo wa uchapishaji wa Linux. Kifaa cha bandari ya serial nacho huwezekana: mizani, kifaa cha vipimo, kebo ya kupangia ruta. Jiweke kwenye kundi la dialout ili uruhusiwe kuigusa bandari, na kama programu inataka namba maalum, sema COM1, iandike kwenye rejista chini ya HKEY_LOCAL_MACHINE\Software\Wine\Ports ukiielekeza kwenye /dev/ttyUSB0. Lakini kifaa kinachodai draiva yake ya Windows, kama kijiti cha USB chenye leseni, kisoma alama za vidole au mashine fulani za risiti, kiache. Draiva hukaa ndani ya kerneli, yaani kiini, ya Windows, na Wine haina kerneli hiyo.

Jambo la usalama nalisema kwa uzito. Wine si ukuta. Kwa kawaida diski Z: ndani yake ni mfumo wako mzima wa faili za Linux, na programu huendeshwa kwa ruhusa zako wewe. Kirusi cha flashi kilichoandikwa kusimba nyaraka kinaweza kusimba nyaraka zako zilezile unazodhani ziko salama kwa kuwa umehamia Linux. Usiendeshe Wine kwa sudo hata siku moja, na ile faili ya kuvunjia leseni uliyopewa steshenari usiifungue humo.

Kuhusu michezo niseme kwa ufupi. Agosti 2018 Valve, kampuni ya duka la michezo la Steam, ilitoa Proton, ambayo ni Wine pamoja na DXVK ya kutafsiri michoro ya DirectX ya Windows kwenda Vulkan inayoeleweka kwenye Linux, na tangu kifaa chake cha michezo, Steam Deck, kitoke 2022 kazi hiyo imekwenda mbio sana. Tazama ProtonDB kabla ya kununua. Vulkan inataka kadi ya michoro yenye umri wa kuridhisha, kwa hiyo laptopu ya kizazi cha 4 isitegemewe. Michezo ya mtandaoni yenye ulinzi mkali dhidi ya udanganyifu, kama Valorant na EA Sports FC, haichezeki kwenye Linux, na kuifungulia mashine pepe hakusaidii.

Ipo pia CrossOver ya kampuni ya CodeWeavers, ambayo huajiri waandishi wengi wa Wine. Ni ya kulipia, ina majaribio ya siku 14, na kwa ofisi isiyo na fundi wake naiona ina thamani kwa sababu unapata mtu wa kumuuliza.

Mashine pepe

Hapa unasakinisha Windows kamili ndani ya dirisha la Linux. VirtualBox ya Oracle ndiyo inayojulikana zaidi. Linux yenyewe ina KVM ndani ya kerneli tangu 2007, unayoitumia kupitia virt-manager au GNOME Boxes. Kwa mtu anayeanza, VirtualBox ina menyu rahisi. Kwa mashine itakayofanya kazi kila siku nachagua KVM: haikulazimishi kusubiri moduli ya nje ilingane na kerneli mpya kila unaposasisha.

Kwa kuwa ni Windows kweli, SQL Server inakubali, .NET inakubali, visakinishi vya Office vinamaliza, na kijiti cha leseni kinaweza kukabidhiwa mashine pepe moja kwa moja ikakiona kana kwamba kimechomekwa kwake. Kwa uhasibu na kazi za ofisi hii ndiyo njia yenye uhakika.

Bei yake unailipa kwa RAM. Ukiwa na GB 8, Windows unaipa 4 na Linux inabaki na 4, inatosha kwa kazi moja kwa wakati. Ukiwa na 16 unapumua. Chini ya 8 usijisumbue. Ongeza RAM kwanza, kwani kwenye laptopu nyingi za mtumba ni kufungua kifuniko na kuchomeka. Diski iwe SSD. Ingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla mfumo haujawaka) uwashe VT-x, uwezo wa prosesa wa kuendesha mashine pepe, au AMD-V kwa prosesa za AMD, maana laptopu nyingi zilizotoka maofisini huja ikiwa imezimwa.

Halafu kuna bando. Faili ya kusakinishia Windows ni zaidi ya GB 5, na masasisho hufuata. Mashine pepe huona mtandao wako kama waya wa Ethernet, hata kama wewe umeunganishwa kwa simu, kwa hiyo Windows hujiona iko kwenye intaneti isiyo na kikomo na kupakua inavyotaka. Ndani ya Windows, kwenye mipangilio ya mtandao, washa "Metered connection" siku ileile ya kwanza.

Leseni pia haikwepeki. Windows ndani ya mashine pepe inahitaji leseni yake, na ile iliyokuja na laptopu kiwandani kwa kawaida imefungwa kwa laptopu hiyo. Kwa VirtualBox kuna jingine: kifurushi chake kikuu ni huru chini ya leseni ya GPL, lakini kile cha nyongeza, Extension Pack, ni bure kwa matumizi binafsi na ya masomo tu. Kampuni ikikitumia inatakiwa kulipa. Ofisi nyingi hukisakinisha bila kusoma.

Windows 11 ndani ya mashine pepe inataka TPM, na hilo limetatuliwa: VirtualBox 7.0 ya Oktoba 2022 ilileta TPM ya kuigiza, na kwa KVM kuna swtpm. Lakini kwa duka ambalo programu yake haihitaji intaneti, mimi hupenda mpango tofauti: Windows 10 ileile ya zamani, ndani ya mashine pepe, na kadi yake ya mtandao imezimwa kabisa. Faili hupita kwenye folda ya pamoja, barua pepe na benki hubaki upande wa Linux, na Windows isiyopata tena masasisho haionani na mtandao. Miongoni mwa njia zote tatu, hakuna nyingine inayokupa kinga ya namna hiyo.

Faida nyingine kubwa ni picha ya hali. Kabla ya kusasisha programu ya uhasibu unapiga picha ya mashine nzima. Mambo yakiharibika unarudi ulipokuwa kwa dakika chache. Ila picha hiyo iko kwenye diski ileile. Diski ikifa, vyote vimekufa, kwa hiyo nakala kwenye diski ya nje bado ni lazima.

Udhaifu wake ni michoro. AutoCAD ya mistari ya kawaida inavumilika, lakini Revit, ArchiCAD na uhariri wa video vitakuchosha. Unaweza kuikabidhi mashine pepe kadi nzima ya michoro, lakini hiyo inataka kompyuta yenye kadi mbili na mtu mwenye subira. Kwa laptopu ya kawaida lisahau.

Windows na Linux kwenye kompyuta moja

Hapa kila mfumo huwaka peke yake na kupata mashine yote. Kasi ni kamili, vifaa vyote vinakubali. Kwa mchora ramani za majengo, mhariri wa video na mpenda EA Sports FC, hii ndiyo njia, na sioni haja ya kuzunguka.

Mitego yake ni ya kujulikana. Sakinisha Windows kwanza, Linux baadaye. Ndani ya Windows zima Fast Startup, kwa sababu huiacha diski katika hali ya usingizi na Linux hukataa kuiandikia. Kama diski imesimbwa kwa BitLocker, nakili ufunguo wake wa dharura kwenye karatasi kabla ya kugusa chochote. Na usishangae saa ya Windows ikirudi nyuma kwa saa 3 kila utokapo Linux: Linux huhesabu saa ya mashine kuwa ya UTC (saa ya kimataifa), Windows huihesabu kuwa ya hapa kwetu. Amri timedatectl set-local-rtc 1 huzipatanisha.

Masasisho ya Windows nayo yanaweza kugusa uwashaji wa Linux. Sasisho la usalama la Agosti 2024 liliziacha kompyuta nyingi za mifumo miwili zikikataa kuwasha Linux hadi wenyewe walipozima Secure Boot (ulinzi wa uwashaji) au kurekebisha. Weka flashi ya Linux droo ya karibu.

Ugumu wangu na njia hii ni mwingine. Kwa laptopu zilezile zisizokubaliwa na Windows 11, inakurudisha kwenye Windows 10 ikiwa mtandaoni moja kwa moja, yaani palepale ulipokuwa unapakimbia. Pia mtu akiwa na kazi moja Windows na nyingine zote Linux, huchoka kuzima na kuwasha. Baada ya muda anabaki upande mmoja, na mara nyingi ni ule wenye ile programu moja.

Wewe uko wapi?

Laptopu ya GB 4, programu ndogo ya zamani, bila kifaa cha ajabu: Wine, na AppDB kwanza. Kifaa cha serial: Wine tena. Ofisi yenye Excel ya makro au uhasibu wenye SQL Server: GB 8 au zaidi na mashine pepe. Kijiti cha leseni au kisoma vidole: mashine pepe, lakini jaribu kifaa chenyewe kabla ya kuahidi bosi. Michoro mizito na michezo yenye ulinzi: mifumo miwili, na ikiwezekana kwenye mashine inayokubalika na Windows 11.

Wenye Mac za M1 na kuendelea, zilizoanza kuuzwa mwisho wa 2020, hesabu yenu ni tofauti. Prosesa ni ya ARM, si ya Intel, na Boot Camp (njia ya Apple ya kuweka Windows kwenye Mac) haipo, kwa hiyo mnabaki na CrossOver, au mashine pepe kama Parallels yenye Windows ya ARM.

Ukishachagua, usifute Windows ya zamani wiki hiyo. Badili diski: chomoa ile yenye Windows, iweke kando ndani ya mfuko wake, funga SSD mpya kwa ajili ya Linux. Kisha endesha programu ya duka kwenye njia mpya mpaka ufunge hesabu za mwezi mmoja mzima, uchapishe ripoti zile unazompa mhasibu, na ulinganishe jumla zake na za vitabu. Tarehe zikisomeka sawa, desimali zikikaa mahali pake, risiti ikitoka bila kukatwa pembeni, hapo diski ya zamani unaweza kuipa kazi nyingine.